Wino Kidoleni mwa Nasimiyu

Jumanne, 7 Machi 2006
Matisi tena, uwanja wa shule. Foleni tangu saa mbili. Nachanganya dawa, nadunga, natia wino kidoleni, alama ya aliyechanjwa. Homa ya uti wa mgongo imewatia watu hofu. Miguu yangu imevimba.
Saa tisa Nekesa, mdogo wangu, akatokea na Nasimiyu mgongoni. Wametoka Bungoma, chanjo huko haijafika. Mtoto ana mwaka mmoja na miezi minne. Mwongozo unasema miaka miwili kwenda juu. Nilimwambia haiwezekani, akalia mbele ya watu. Nikamdunga mtoto ili mama anyamaze. Nikampaka wino kama wengine. Kwenye karatasi nikaandika miaka miwili.

Jumatano, 8 Machi
Nekesa amepiga simu. Mkono umevimba, joto kidogo. Nimemwambia ni kawaida, litaisha. Hilo ni kweli. Lile lingine sikulisema: mwili wa mtoto mdogo hivi hauitikii vizuri chanjo hii. Hata mkubwa hungoja wiki, pengine siku kumi, ndipo apate kinga. Mimi mwoga.

Ijumaa, 10 Machi
Joto limeisha. Lakini mtoto wa shemeji yake, kule Ndalu, amefariki. Shingo ilikakamaa, wao wakasema malaria. Wanazika kesho. Nekesa ameenda, na Nasimiyu yuko naye. Sina raha.

Jumapili, 12 Machi
Nimefika Ndalu. Nyumba imejaa. Watu wanakohoa, wanalala bega kwa bega. Nasimiyu anapitishwa mkono kwa mkono. Nilimvuta Nekesa nyuma ya jiko, nikamwambia arudi kwake leo hii. Akakataa. Kunyoa nywele ni siku ya tatu baada ya mazishi, na mke wa boma haondoki kabla.
"Si wewe mwenyewe ulimdunga, dada?" akasema, akikiinua kile kidole. "Sasa hii wino ni ya nini?"
Hapo ndipo ningesema. Nikaiwaza kazi yangu. Nikamwambia amvalishe sweta. Sweta! Najichukia.

Jumanne, 14 Machi
Siku ya saba. Simu haijalia. Leo kila mama nimemwambia: ngoja siku kumi, usimpeleke mtoto penye watu wengi. Wageni nawaambia, ndugu yangu sikumwambia.

Alhamisi, 16 Machi
Homa tangu jana. Anatapika, shingo ngumu. Nilimfokea Nekesa kwenye simu: hospitali, sasa hivi. Nimefika Bungoma saa saba. Wametoa maji ya uti wa mgongo. Yamechafuka.

Jumatatu, 20 Machi
Bado anapumua. Daktari aliuliza kama amechanjwa. Nekesa alijibu haraka, kwa fahari. Mimi nikatazama sakafu.

Jumapili, 2 Aprili
Waliruhusiwa juzi. Nimeshinda kwao Bungoma. Nekesa amenipa kuku mweupe wa shukrani. Anasema bila sindano yangu tungekuwa tumezika. Nasimiyu amekonda. Alikaa mlangoni akila ndizi, amenipa mgongo. Wino umebaki kidogo pembeni mwa ukucha.
Nikamwita. Nikamwita tena. Kifuniko cha sufuria kikaniponyoka, Nekesa akashtuka. Mtoto akaendelea na ndizi yake.
Nekesa akasema ni uchovu tu. Najua ugonjwa huu huacha watoto viziwi.
Nimerudi Matisi. Kuku yuko hapa chini ya meza, miguu imefungwa. Kesho namrudisha, na Nekesa namwambia ukweli.