Mbuzi wa Arobaini

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama. Mgongo unaendeleaje? Mwambie wifi akukande bila huruma. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Mama ameanza tena kula vizuri, na mwezi uliopita alicheka mpaka akafuta machozi, mara ya kwanza tangu tumzike baba.

Barua yako nimeipata, na hasira zako nimezipata pia. Unauliza nilipata wapi moyo wa kumtoa Kidosho kuwa zaka, mbuzi ambaye baba alimlea kwa chupa na kumwacha atafune vifungo vya shati lake. Una haki ya kuuliza, kundi ni letu sote.

Unakumbuka baba alivyokuwa akihesabu mbuzi kila Ijumaa, akiomba wafike arobaini ili na sisi tuwe watu wa kutoa. Walifika, na mwaka umetimia yeye hayupo. Mzee wa kamati ya zaka alikuja, akahesabu mara mbili, akapata thelathini na tisa. Akasema basi, mwaka huu hamdaiwi, akaketi kunywa chai. Mara chumbani kwa baba ukasikika mlio kama wa mtu anayeugua. Mzee akaniuliza kwa upole mgonjwa wetu anasumbuliwa na nini.

Kaka, nakiri kwako. Nilimfungia Kidosho humo asubuhi, nikiogopa atachaguliwa. Kabla sijajibu, aliusukuma mlango akatoka na kofia ya baba mdomoni. Hapo ndipo mama alipocheka. Mzee naye alicheka, kisha akanieleza kwamba zaka haichukui kipenzi cha watu, huchukua mbuzi wa kadiri. Kumbe nilidanganya bure!

Lakini aibu ilinishika. Baba aliomba arobaini, mimi nikamrudisha kwenye thelathini na tisa. Nikasema kwa hiari yangu, mchukueni huyuhuyu. Hapo nilipaswa kukuuliza kwanza. Nisamehe.

Kapewa mama mfua nguo wa nyumba ya nyuma, yule mwenye mapacha. Sasa kila jioni Kidosho hukata kamba, akaja kujilaza mlangoni kwa baba. Mama mfua nguo humfuata akimsema njia nzima, halafu hukaa wakapiga soga na mama hadi birika liishe. Jana mapacha waligombea kiti cha baba. Mama aliwaacha.

Wasalimie wote hapo, na watoto wabusu kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
mficha mbuzi