Sparadra ya Rozalia Iko ku Tumbo Yangu

Bunia, Mudzipela, kwa ndugu yangu mudogo

Kwako Mama Rozalia,

Nakuamkia weye wa kwanza, kisha nyumba yote. Kikohozi ilikuacha? Ile mbuzi yenye kuchechemea ilizaa? Siye huku tunakula, tunalala. Ila miye sikai. Nakaa, nasimama. Naenda mpaka barabarani, narudi. Ndugu yangu anasema nitamaliza udongo wa lupango, kiwanja yake yote, na miguu.

Naandika na mukono yangu mwenyewe. Katekista alitaka kunisaidia, nikamukatalia. Miye nilifika mwaka wa ine kwa mapadri, na nilikuwa wa pili mu kuandika, weye unajua. Tena mambo hii si ya katekista.

Sikiliza. Ulinituma nione kwa nini wakwe wamemurudisha mutoto. Nimeona. Unakumbuka mwaka jana walimupasua Rozalia ku hopitali, wakatoa kizazi na mifuko yote mbili ya mayai kwa sababu ya ule uvimbe. Siye tulishukuru Mungu kwamba iko muzima, basi, hatukuuliza ingine. Kumbe toka siku ile joto inamushika kama mutu mwenye nyumba yake inaungua. Jasho, usingizi hakuna, mifupa inauma, analia bila sababu. Munganga wa hopitali akamupa dawa ya kubandika ku ngozi. Ni kama sparadra, ile plasta ya kidonda, lakini ndogo, inang'aa. Anabandika chini ya kitovu, anabadilisha mara mbili kwa juma. Mama mumoja wa biashara anamuletea toka Kampala. Joto ikatulia. Lakini aliona haya, akaficha hata Kristofu bwana yake.

Mama ya Kristofu akaiona siku Rozalia alikuwa anajipaka mafuta. Kelele! "Fetishi! Uchawi! Mwanamuke amemufunga mwana wangu!" Wakamubandua ile dawa, wakamuleta hapa na sanduku yake. Wajukuu wetu wawili wakabaki kwa wakwe, kule mutaa wa Lumumba. Hapa Rozalia akabandika ingine, akaniambia: "Baba, bila dawa yangu sirudi. Na bila watoto wangu siwezi kuishi." Sasa mutu afanye nini?

Niliitisha kikao. Jumapili, kisha Misa, miye na Rozalia tulienda Lumumba kwao. Baba mudogo ya Kristofu ndiye alikalia kiti ya mbele, Kristofu mwenyewe nyuma ku mulango. Mama ya Kristofu akaleta ile sparadra waliyobandua, juu ya sahani, anaisukuma na kijiti.

"Muzee, angalia kitu mutoto wako anatiaga ku mwili."

"Mama, hii ni dawa ya hopitali."

"Dawa watu wanameza. Dawa watu wanachomwa shindano. Ile ya kujificha chini ya nguo, siye tunajua jina yake."

Na baba mudogo akaongeza: "Hata weye mwenyewe, Muzee, hauwezi kuigusa."

Hauwezi! Miye! Miye niliyefukuza chui mu zizi na fimbo tu! (Usiseme tena ilikuwa paka ya pori. Ilikuwa chui.) Nikasimama, nikafungua shati.

"Rozalia, leta mupya."

Akaninongoneza: "Baba, hapana. Ile ni ya wanawake."

"Leta!"

Nikaibandika ku tumbo yangu, nikaipiga na kiganja. "Kama ni fetishi, inishike miye wa kwanza. Muhesabu siku ine. Nikifa, mutoto iko na kosa. Nikiwa muzima, mutamurudisha na dawa yake, na mutu asimubandue tena."

Wifi mumoja ya Rozalia akasema: "Muzee atanyonyesha!" Nyumba nzima ikaanguka kicheko. Mama ya Kristofu hakucheka.

Kesho yake Rozalia akanivuta kwa munganga wake, mwanamuke mwembamba. Huyo alicheka mpaka akatoa miwani. "Papa, moja haitakugeuza kuwa mama. Lakini si dawa yako, toa." Nikasema sitoi, nimesema siku ine mbele ya watu. Akachoka na miye. Kisha akanieleza: mwanamuke akizeeka, mwili wake unapunguza kitu fulani pole pole, miaka na miaka. Rozalia walimukatia siku moja. Ile sparadra inamurudishia kidogo, kwa joto, kwa mifupa. Hakuna bwana anafungwa.

Nikauliza: "Na wale hawakupasuliwa, joto inawashika vilevile?"

"Wengi sana, Papa."

Mama Rozalia, pale weye ndiye ulinijia mu kichwa. Nilikumbuka miaka ile ulikuwa unaacha kitanda, unalala ku baraza juu ya udongo baridi, na miye nikisema una kiburi. Siombi musamaha, miye si mutu wa kuomba. Nasema tu nimekumbuka.

Leo ni siku ya ine. Inaniwasha, pembeni imekamata vumbi. Kila asubuhi naangalia kifua: hakuna kitu, iko kifua ya mwanaume. Kufa siogopi. Naogopa wakwe wasikuje kumuchukua.

Ngoja, moto, ile pikipiki, inasimama inje.

Nimerudi ku barua. Mama ya Kristofu hakuja, baba mudogo hakuja. Alikuja Kristofu peke yake, na watoto wote wawili juu ya moto. Nikafungua shati: "Ona! Muzima!" Akasema tu, "Naona, Papa," macho chini. Rozalia alikuwa ameshika watoto, hawaachi.

Kristofu akamuuliza: "Siku ya kubadilisha ni gani?"

"Ni leo."

"Nionyeshe vile wanafanyaga."

"Na mama yako?"

"Mama atasema. Asemage. Na miye niko na mudomo."

Baba hawezi kuona tumbo ya mutoto wake, nikatoka na wajukuu. Nikasimama ku ukuta, nikatoa sparadra yangu, ikatoka na nywele. Ndani nikasikia Rozalia: "Si pale, chini kidogo. Eh, mukono yako baridi!" Na akacheka.

Wameenda Lumumba na ile boksi ya dawa, Rozalia ameishika mu mukono, mbele ya watu. Lakini miye sirudi bado. Yule mama najua ulimi wake. Nitakaa juma moja, kila siku nitapita ku mulango yao kama mutu anatembea tu.

Salimia kaka yako mwenye kushona nyavu, shangazi Tereza wa kwaya, na binti yetu wa mwisho, asome. Jirani wa kinu musalimie, lakini hii ya tumbo usimwambie.

Na ukisikia joto, toka inje ukae. Hakuna mutu atakuuliza.

Ni miye bwana yako, bado mwanaume,

Baba Rozalia