Kifundo cha Kushoto

Jumamosi, 7 Februari

Mechi Ahero. Uwanja bado una maji pembeni, nyasi zinateleza. Kipindi cha kwanza sawa. Cha pili, goti la kushoto likaanza tena, upande wa ndani. Kila nikigeuka linaingia ndani lenyewe, kama halinijui. Dakika za mwisho mpira ukapigwa mbele, nikashindwa kuufuata. Wanasema beki aliushika kwa mkono. Mimi sikuona. Nilikuwa mbali, nimeinama, nimeshika paja. Wachezaji wakanizunguka, mmoja akapaza sauti:

"Refa umechoka! Enda nyumbani upike!"

Sikumwonyesha kadi. Nilijua maneno mawili ya kwanza ni kweli.

Jumapili, 8 Februari

Kanisani nilipiga goti moja tu. Nyonga nayo imeanza kuuma. Nina miaka thelathini na sita. Naogopa.

Jumatatu, 9 Februari

Ujumbe umeingia. Jaribio la mbio kwa marefa wote ni Jumamosi, tarehe 28 Machi. Asiyemaliza hapangiwi mechi za ligi msimu huu. Niliusoma kazini, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, katikati ya wateja, nikampimia mtu misumari ya mabati badala ya ya mbao. Mimi ndiye mwanamke pekee anayepuliza filimbi katikati ya uwanja upande huu. Nikishindwa, watasema walijua.

Jumanne, 10 Februari

Odhiambo, mshika kibendera wangu, alipita dukani.

"Nyamera, enda Kondele, pale duka la dawa, udungwe sindano ya goti. Kesho yake unakimbia."

Ananiita nyamera, dada yake, tangu tufanye kozi ya urefa pamoja. Ananitakia mema. Lakini yeye alidungwa ya mgongo mwaka jana, na juzi alirudi kudungwa tena.

Alhamisi, 12 Februari

Kliniki. Picha haikuonyesha ubaya kwenye mfupa. Wakanipeleka kwa mtaalamu wa viungo, Zuhura, mzaliwa wa Kaloleni, amevaa buibui na raba. Goti hakuligusa kwanza. Alinivua viatu, akanisimamisha mbele ya ukuta, akasema nisukume goti liguse ukuta bila kuinua kisigino. La kulia likagusa. La kushoto likakwama njiani. Kisigino kikainuka chenyewe.

"Hiki kifundo kiliumia lini?"

Nilikuwa nimesahau kabisa. Kiliteguka kwenye mechi Maseno, miaka kadhaa nyuma. Kikavimba, kikapoa, nikaendelea na maisha.

"Kilipoa kikiwa kigumu," alisema. "Ukichuchumaa, ukigeuka, muundi unatakiwa uinamie mbele. Kifundo kinakataa. Basi wayo unalala ndani, goti linaufuata, paja linajizungusha, nyonga inabeba yote. Goti ndilo linalia, dada, lakini anayelipiga ni jirani wa chini."

Nilitoka nimekasirika. Nimepeleka goti, nimerudishiwa kifundo.

Jumapili, 22 Februari

Mazoezi. Ukutani asubuhi, ukutani jioni. Kuchuchumaa nikishika kitasa cha mlango. Kushusha visigino kwenye ukingo wa kibaraza mpaka vigimbi viwake moto. Sioni tofauti. Labda Zuhura anakosea. Labda kuna kitu kimekatika ndani ya goti na picha haikukiona.

Jumatano, 4 Machi

Nimekimbia uwanja wa shule kabla ya kazi. Nilikatazwa. Goti limevimba. Mjinga mimi. Leo nimeuza nikiwa nimekaa, nikamwambia tajiri ni tumbo.

Ijumaa, 6 Machi

Zuhura aliliona goti kabla sijafungua mdomo. Alikandamiza kifundo mpaka machozi yakanitoka. Anasema kinaanza kulegea, ila misuli ya nyonga imezoea uvivu. Haijui tena kulishika goti lisianguke ndani. Hiyo nayo ifundishwe. Tena polepole.

Polepole! Tarehe inanikimbilia.

Jumanne, 24 Machi

La kushoto limegusa ukuta! Kisigino chini! Nilipiga kelele, mama wa kusafisha akachungulia. Zuhura akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Mbio za kasi bado. Omba uahirishiwe."

Nilisema nimesikia. Sikusema nitafanya hivyo. Odhiambo anauliza kila siku kuhusu sindano. Nimechoka. Nataka mtu aniamulie.

Ijumaa, 27 Machi

Nilifika mpaka Kondele. Nikasimama nje ya duka la dawa. Ndani jamaa mmoja ameshakunja suruali, anasubiri zamu yake, anaongea na simu kwa raha zake. Nikageuka. Si ujasiri. Niliogopa sindano itanyamazisha goti, likatike nisisikie.

Kuahirisha sikuomba. Naenda.

Jumamosi, 28 Machi

Mizunguko ya kwanza vizuri. Kifundo kinapinda, mguu unatua laini. Nikaanza kutumaini. Kisha miguu ikachoka, nikalisikia goti. Halikuuma. Ni kule kuteleza kudogo kuelekea ndani. Mwisho wa mbio nilikuwa nauona. Ningeweza kumaliza. Nadhani ningeweza. Nikainua mkono, nikatoka pembeni.

"Umeumia?" mkufunzi aliuliza.

"Bado. Ndiyo maana natoka."

Akaweka alama mbele ya jina langu. Odhiambo alimaliza, akaja akaketi kando yangu akihema. Alinipa taulo yake ikiwa imelowa jasho, nikalia humo humo.

Msimu umeenda. Nimeutoa kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumamosi, 18 Aprili

Mvua imekatika asubuhi. Nimepangiwa mechi za wasichana wa shule, uwanja mdogo, wazazi wengi. Jaribio jingine, hawajasema lini. Bado naogopa.

Nilishusha beseni la nguo kutoka ghorofa ya tatu kwenda kuanika. Kwa muda mrefu ngazi hizo nimezishuka upande upande, kiganja ukutani, majirani wakinipisha. Leo nilikuwa nawaza kwamba sabuni imeisha. Nilipofika chini ndipo nilipotazama: mikono yote miwili iko kwenye beseni.

Nikaanika nguo. Upepo wa ziwa ulikuwa mzuri.