Mti Ulioota Ukingoni mwa Paa

Barabara ya 41,
Yangon.
6 Novemba 2016

Mpendwa Dada Yin Shwe,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Penang, na goti lako limepata nafuu. Shemeji naye hajambo? Mama anakula vizuri, ila kikohozi hakijamwacha. Mimi nipo.

Najua kwenye simu walikuambia tu kwamba mume wangu ameangukiwa na ukuta. Naomba nikueleze mwenyewe, maana kuna jambo sijamwambia mtu.

Unalikumbuka lile jengo la zamani la matofali mekundu, ambalo tulikuwa tukijikinga mvua barazani mwake tukitoka shule. Mwaka jana wenye jengo walimpa Lin Thant kazi ya kupanga miti ya barabara iliyo mbele yake, na bustani za juu ya paa. Alifurahi mno. Barabarani alichagua miti ya kivuli, kwa ajili ya wanywa chai wanaokaa kwenye vile viti vifupi. Juu, kwa kuwa paa lile halibebi uzito, alichanganya udongo na makumbi ya nazi na majivu ya pumba za mpunga, akapanda mchaichai na asumini. Michoro ilijaa kitandani, nikawa nalala pembeni kabisa.

Sasa, kwenye ukuta wa ukingo wa paa ulikuwa umeota mti wa Bodhi, mbegu iliyoletwa na ndege. Ulimfika kifuani, na mizizi ilishaingia kati ya matofali. Unatujua sisi. Nani atathubutu kukata mti wa aina ile ile ambayo Buddha alipata nuru chini yake? U Kyaw Hla, msimamizi wa vibarua, alimwambia, "Mwalimu, mimi maisha yangu yote nimekata ndevu tu. Huo kata wewe."

"Ndevu zenyewe ziko wapi?" Lin Thant akamjibu, wakacheka wote.

Lakini alikuwa ameamua kuukata, mwezi wa Juni, kabla mvua hazijakolea. Mimi ndiye niliyekwenda kwa mnajimu. Akasema mtu aliyezaliwa Jumatatu, kama Lin Thant, asiguse mti mtakatifu mpaka ipite ile miezi mitatu ya mvua ambayo watawa hutulia monasterini. Nililia mpaka Lin Thant akakubali.

"Haya, nyamaza," akasema. "Ukuta umesimama miaka mia, utashindwa na miezi mitatu?"

Tarehe kumi na nne Septemba, baada ya siku nne za mvua, alipanda kuzibua mfereji wa paa. Ukuta ulianguka na mti wake, na yeye pamoja nao. Walimkuta barabarani, kati ya mashimo aliyochimbisha kwa ajili ya miche.

Siku saba niliacha mlango wazi kama ilivyo desturi, roho yake ipate kuingia na kutoka, nikawalisha watawa. Watu wananiambia ndiyo karma yake. Nainamisha kichwa tu.

Wiki iliyopita wenye jengo waliniita nikabidhi michoro. Nikapanda juu. Kwenye ukuta wa upande wa pili kuna miti mingine mitatu ya Bodhi, na chini yake, kule barabarani, watu wamekaa wanakunywa chai. Nikawauliza vibarua wanangoja nini.

"Tunangoja watawa waje kuiombea, dada," akasema U Kyaw Hla.

"Watakuja lini?"

"Bado hatujawaita."

Nikachukua panga. Pigo la kwanza lilikuwa langu, utomvu mweupe ukanirukia mkononi. La pili lilikwenda upande. U Kyaw Hla akaninyang'anya lile panga.

"Lete, dada. Thawabu huwa tunagawana. Na dhambi tugawane."

Wakaikata yote, wakaing'oa na mizizi. Sikupata nafuu, dada. Ila wale wa chini walimaliza chai yao wakaenda makwao.

Msalimie shemeji na Thiri mdogo. Mama anakusalimu, na Mjomba U Ohn Pe pia. Hatari ziwe mbali nanyi, miili yenu iwe na afya, mioyo yenu itulie.

Siku ya mwezi mpevu, ukimimina maji ya kugawa thawabu, mtaje Lin Thant. Na mimi nikumbuke.

Mdogo wako akuwazaye,
Nwe Ni