Kumbukumbu za Kikao cha Paa Lililoachwa Wazi Siku ya Theluji

JUMUIYA YA WATAZAMA NYOTA, NIZWA
Kikao cha dharura, Jumamosi 11 Januari 2025, baada ya alasiri, sebuleni kwa Mwenyekiti.

Waliohudhuria: Bwana Amur (Mwenyekiti), Bi Khamisa (Makamu), Bwana Mahrous (mshika ufunguo wa kuba letu la darubini kule Jabal Shams), Binti Tahani (mwanafunzi wa chuo kikuu), Maalim Hafidh (Katibu, umaalimu wa kupewa tu, darasa la sita hakulimaliza).

Asiyehudhuria: Bwana Saud. Alituma salamu kwamba hajiwezi. Bi Khamisa alisema jana alimwona soko la mbuzi, mzima kuliko mbuzi wenyewe.

KUMB. NA. 1/2025: KUFUNGUA
Kikao kilifunguliwa kwa fatiha saa kumi na robo. Katibu aliomba iandikwe kwamba katika Jumuiya hii hakuna aliyeziona pete za Zohali vizuri kama yeye. Bi Khamisa aliuliza, "Lini, Maalim?" Katibu alirekebisha: hajaziona. Kwa miaka tisa, kila zamu yake ya kuchungulia ikifika, hushikishwa birika la kahawa.

KUMB. NA. 2/2025: THELUJI
Mwenyekiti alieleza kwamba Jumatatu baada ya magharibi theluji ilianguka jabalini, paa la kuba liko wazi, na asubuhi darubini ilikutwa nyeupe pepepe kama bwana harusi aliyevishwa joho. Alisema mwenye ufunguo ndiye mwenye kosa. Alipendekeza Bwana Mahrous avuliwe ufunguo, apewe shemeji yake Mwenyekiti.

Bwana Mahrous aliuweka ufunguo mezani. Alisema ameushika miaka kumi na moja, na tangu mkewe afariki hana mwengine wa kumwamkia asubuhi ila ile darubini. Hakuna aliyeugusa.

Kisha alisema, "Bwana Amur, si wewe uliyenituma kijijini nikatafute makaa ya kuongezea chetezo cha udi? Nataka kurudi, njia imeziba. Nimelala msikitini."

Alieleza kwamba kulipokucha alipanda, akaiondoa theluji kwa kikombe cha kahawa, kikombe baada ya kikombe, mpaka adhuhuri, asije akakikwaruza kioo. Binti Tahani alithibitisha kwamba kioo ni kizima.

KUMB. NA. 3/2025: NANI ALIFUNGUA PAA
Mwenyekiti alisema, "Allahu aalam." Binti Tahani alisema, "Na mimi najua kidogo, ami," akatoa simu.

Katika video ya Jumatatu ile, ndani ya kuba, Mwenyekiti alionekana na wageni wake kutoka Sur, akiwapitishia udi mmoja mmoja. Walipokwisha, aliipitishia darubini nayo, chini na juu, akisema, "Naye mwenyeji huyu!" Moshi ulijaa. Sauti ya Mwenyekiti ilisikika: "Fungueni paa, tutakufa!" Likafunguliwa. Na kwa kuwa kwetu udi ukishapita mgeni haketi tena, wote waliinuka, wakaagana, wakaondoka. Watu kumi na wawili, watazama nyota, hakuna hata mmoja aliyetazama juu. Katibu alikuwemo, na birika lake.

Bi Khamisa alisema, "Yakhe Amur, na darubini ulitaka iende kwao?"

Mwenyekiti aliomba habari hii isiandikwe. Katibu alikubali, ndiyo maana ameiandika kwa ufupi.

KUMB. NA. 4/2025: MAAMUZI
Iliamuliwa ufunguo ubaki kwa Bwana Mahrous. Mwenyekiti aliuokota mwenyewe mezani, akamtilia mkononi, akasema, "Nisamehe, ndugu yangu." Bwana Mahrous alijibu kwamba yamekwisha, na udi wenyewe ulikuwa mzuri, darubini inanukia hadi leo. Iliamuliwa pia udi usipitishwe tena ndani ya kuba. Suala la shemeji halikurudiwa.

KUMB. NA. 5/2025: MENGINEYO
Katibu alikumbusha kwamba mwaka juzi, siku ya kutazama Zohali, alimwachia mama mkwe wa Mwenyekiti zamu yake, naye bibi akaikalia saa nzima. Bwana Mahrous alikiri kwamba aliahidi kuirudisha zamu hiyo.

Kikao kiliishia saa kumi na moja na nusu, kahawa ilipokwisha.

Amur, Mwenyekiti (ametia saini bila ya kusoma)
Hafidh, Katibu

Bwana Mahrous, ile zamu yangu naiomba Alkhamisi hii, mawingu yakitupisha. Birika atashika Mwenyekiti.