Mshipa Uliokataa Kufumba

Lilongwe, hospitalini
Machi 2001

Kwako yaya Zénon, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu na za Mama. Natumaini u mzima huko Chinsapo na kazi ya kufyatua matofali haijakumaliza mgongo. Usishtuke kuona tuko Lilongwe. Mama anapumua vizuri sasa. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo unaloliogopa.

Ulipoondoka kambini Dzaleka uliamini, kama wengi, kwamba jirani yetu Mama Speciose alimtilia Mama karuho, ile sumu ya polepole, ndani ya uji, ndiyo maana pumzi ikaanza kumbana. Shangazi Rosalie alipita nyumba kwa nyumba akisema, “Vita tuliikimbia Uvira, njo hii imetufuata ndani ya kikombe!” Nawe ukaachana na mchumba wako Tuyisenge, kisa ni binti wa Mama Speciose.

Juzi Mama alikosa pumzi kabisa, tukaletwa huku. Daktari aliupaka mafuta baridi ule mguu uliovunjika, ambao plasta yake imetolewa majuzi tu, akaubonyeza kwa kifaa chenye waya. Kwenye kioo cha mashine mishipa ilionekana kama vinywa vidogo vyeusi. Alipobonyeza, vilifumba. Kimoja, cha pajani, kikakataa. Alinieleza kwa Kiingereza kwamba humo damu imeganda kwa sababu mguu ulikaa mno bila kutembea, na bila shaka kipande kilikatika kikapanda hadi mapafuni.

Nilipotafsiri, Shangazi aliruka: imegandishwa na nani? Unajua aibu yangu mbele ya wakubwa. Lakini nilimwambia hakuna aliyeigandisha; imeganda yenyewe. Mama akacheka mpaka akakohoa: “Sarufi ya huyu mutoto njo itaniponesha!”

Sasa anachomwa sindano za kuzuia damu isizidi kuganda.

Jana Mama Speciose alikuja na uji. Akainua kikombe aonje kwanza, kama tunavyofanya kwetu ili mgeni asiwe na wasiwasi. Mama akamshika mkono. “Leta, dada. Usionje.” Akanywa mpaka chini. Shangazi alitoka nje.

Yaya, kuna jambo sijakuambia. Mama Speciose hakuja peke yake. Tuyisenge yuko hapa, anafua nguo za Mama. Hajauliza habari zako hata mara moja, ila kila mlango ukifunguliwa anainua kichwa.

Mama anakusalimu sana. Kutoka Chinsapo hadi hapa ni mwendo wa miguu tu.

Mdogo wako akupendaye,
Gabriella