Uma wa Viatu na Sikio la Sirivesta

Mamba, Mpimbwe
Juni, 1995

Kwa Dada yangu Veronika,

Pokea salamu za mdogo wako mtundu. Mimi mzima, ila goti la kushoto linanijibu vibaya kila nikiinuka. Wewe je? Kifua kimetulia? Na yule mbuzi wako wa pembe moja bado anakula nguo za majirani, au mmeshamla yeye?

Unaniuliza kama kweli nimetoboa sikio la mtu kanisani. Habari hiyo imefikaje huko kwako Sikonge kabla ya barua yangu? Sijatoboa. Nilitaka kutoboa. Kaa chini nikueleze, na usianze kuniombea kabla sijamaliza.

Hapa kuna mzee wa kanisa, Yeremia, mwenye mashamba ya mpunga mpaka macho yanachoka. Kwake yupo mtu mzima, Sirivesta, Mrundi wa makazi ya wakimbizi ya Mishamo. Alikuja kulima msimu mmoja. Yeremia akamwambia, nipe karatasi yako ya ukimbizi nikutunzie isiloane. Akaifungia sandukuni. Bila karatasi ile Sirivesta akitembea barabarani anakamatwa. Basi amelima kwa chakula na ahadi ya ng'ombe miaka sita, na huu wa saba. Akiomba karatasi anaambiwa, vuna kwanza.

Mwezi uliopita aliniletea ndala zake nizishone. Mtu wa baiskeli alimletea habari kuwa mama yake huko Mishamo hainuki tena. Nikamuuliza, unaondoka lini? Akasema, "Siondoki, mzee. Nazitengeneza tu."

Dada, nilikosa hamu ya ugali siku ile.

Jumapili, baada ya ibada, Yeremia akasimama kufundisha. Watumwa watii mabwana zao, Paulo kasema. Huku anamtazama Sirivesta, aliyekaa karibu na mlango. Nikanyoosha mkono.

"Fundi viatu, una swali au una kiherehere?"

"Vyote. Kitabu cha Kutoka kinasema mtumwa atumike miaka sita, wa saba aende zake huru. Mmesoma au mnaogopa?"

"Hiyo ni ya Mwebrania. Huyu ni Mrundi."

"Na wewe Uebrania umeupatia wapi? Baba yako namjua, alikuwa Mpimbwe wa hapa hapa, anatega panya."

Watu wakacheka. Yeremia akavimba shingo. Akasema Paulo mwenyewe alimrudisha Onesimo, mtumwa aliyetoroka, kwa bwana wake. Nikamwambia alimrudisha na barua inayosema apokewe kama ndugu. Ndugu gani karatasi yake inakaa sandukuni? Hapo akanikamata, dada. Akasema, "Endelea kusoma sura hiyo hiyo, usichague minofu." Nikasoma kwa kidole, kama ulivyonifundisha. Chini kidogo mna mtu kampiga mtumwa wake, na mtumwa asipokufa siku ile, mpigaji hana kosa, kwa sababu ni mali yake. Mimi mstari ule nilikuwa nauruka kila mara.

"Umeona?" akasema Yeremia.

"Nimeona. Wewe umeshika huo, mimi nimeshika wa juu. Mungu atatuuliza kila mtu alishika upi."

Kwenye huo wa juu, mtumwa akikataa uhuru kwa kumpenda bwana wake, anapelekwa mlangoni anatobolewa sikio kwa uma. Uma wa kutobolea ngozi ninao, ndio kazi yangu. Nikautoa mfukoni. Nikasema, Sirivesta, njoo mlangoni, waambie watu kama unampenda huyu. Nilitaka aseme hapana, kila mtu asikie.

Akaja. Akaegemeza sikio kwenye mwimo wa mlango.

"Toboa, mzee. Bila karatasi nitafika wapi?"

Nikaurudisha uma mfukoni. Utani wangu wote uliniishia pale mlangoni.

Mama Eda, mke wa Yeremia, akainuka upande wa wanawake akatoka. Nyumba yao iko jirani. Akarudi na karatasi imefungwa kwenye nailoni, akampa Sirivesta mkononi.

"Nani amekutuma?" Yeremia akamuuliza.

"Funguo ninazo mimi miaka yote hii," akasema. "Nimechoka kuzishika."

Sirivesta aliondoka mchana ule ule na zile ndala nilizomshonea miguuni. Ng'ombe hakupewa. Mimi nimekatazwa kusema kanisani, na waumini wameambiwa viatu vyao wasinipe. Namchukia Yeremia, dada. Usiniombee nisimchukie, niombee goti.

Msalimie shemeji, mwambie ugoro wa huku hauna nguvu. Msalimie shangazi kama bado anasikia, na yule mwalimu jirani yako aliyeniandikia hati ya shule wakati sijamaliza hata darasa la nne.

Jana Mama Eda alileta viatu vya mumewe vya kanisani, soli imeachia. Akaviweka chini, akaenda zake. Nimevishona vizuri, havitapitisha maji. Ila kila tundu nililotoboa, nilikuwa naona sikio.

Mimi mdogo wako asiyekua,
Petro, fundi viatu